Andika Nyuma ya Picha

Bibi yangu mzaa baba hakupata kuweka picha kwenye albamu kabla ya kuigeuza. Aliilaza kifudifudi juu ya mkeka, akachukua kalamu ya risasi aliyoichonga kwa kisu cha jikoni, akaandika ni nani, wapi, siku gani, na kama anakumbuka, nani aliyepiga. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wengi wa rika lake huku Tanga waliosomea chuoni, yaani madrasa, na si shuleni. Wino hakuutaka. Alisema wino hupenya, mwisho ukamtokea mtu usoni.

Mwaka 2012 nilinunua skana ya mtumba nikaanza kuziskani picha zake. Zilikuwa 640 na ushei. Kazi ilikula likizo nzima na wikiendi za miezi miwili, bibi amekaa kando yangu na tasbihi yake, mimi nainua kifuniko, naweka picha, nabofya. Kila picha alinitajia waliomo, nami nikayaandika majina yao ndani ya programu iliyokuja kwenye CD ya skana ile. Niliskani upande wa mbele tu. Maandishi ya nyuma sikuyaskani hata moja, maana bibi mwenyewe yupo, anasema, nami naandika. Niliona mgongo wa picha hauna kazi tena.

Bibi alifariki 2014. Mwaka uliofuata kompyuta ikafa. Fundi mmoja wa Ngamiani aliitoa diski yake, akanihamishia picha kwenye diski ya nje, nikarudi nyumbani nimeikumbatia kama mtoto. Picha zilikuwapo zote. Majina hayakuwapo hata moja. Programu ile ilikuwa imeyaweka kwenye faili la peke yake, ndani ya folda iliyofichwa mbali kabisa na picha. Fundi hakujua kama folda hiyo ipo, na mimi mwenyewe sikujua. Nilipogutuka, diski ya zamani ilikuwa imeshafutwa na kuuzwa kwa mtu mwingine. Na albamu zenyewe? Masika ya 2016 paa la chumba cha nyuma lilivuja, maji yakaingia kabatini, mchwa wakamalizia. Katika mia sita na arobaini zimepona hamsini na saba.

Nimeeleza haya kwa kirefu kwa sababu ndiyo yaliyonibadilisha. Nikiulizwa programu nzuri ya kupangia picha, muulizaji hutaka nimtajie jina moja akaipakue. Nitalitaja. Ila swali ninaloanza nalo siku hizi si programu ipi inapendeza machoni wala ipi ina kasi. Nauliza: hii inaandika wapi?

Wapiga picha wa studio za zamani walikuwa na utaratibu wao. Picha ikisafishwa, ilipigwa namba nyuma. Namba hiyo hiyo ikaandikwa kwenye bahasha ya negativu na kwenye daftari, pamoja na jina la mteja na tarehe. Ukirudi baada ya miaka mitano kutaka kopi nyingine, aligeuza picha yako, akasoma namba, akafungua daftari, akaenda moja kwa moja kwenye bahasha. Utaratibu mzuri mno, maadamu daftari lipo. Daftari likiliwa na panya, zinabaki bahasha elfu kadhaa za watu wasiojulikana.

Programu za picha nazo zimegawanyika hivyo hivyo. Kuna zinazoandika kila kitu kwenye daftari lao, na kuna zinazokubali kuandika nyuma ya picha kama alivyoandika bibi. Nyingi zina njia zote mbili, lakini zinaanza na daftari, na wewe usipokwenda kwenye mipangilio ukawasha ile ya pili, hutajua hadi siku ya kuhama.

Maana picha ya kidijitali nayo ina mgongo. Faili la JPEG lina nafasi ndani yake ya kubeba maneno bila kugusa sura ya picha. Maneno hayo ndiyo yanayoitwa metadata. Kamera yenyewe huandika ya kwake humo kwa mpango uitwao Exif, ulioanzia Japani mwaka 1995: saa na tarehe, aina ya kamera, lenzi, mwanga, na kwenye simu hata mahali uliposimama. Mashirika ya habari yalikuwa yameshaweka mpango wao wa IPTC, wa kubebea maelezo ya tukio na jina la mpiga picha. Mwaka 2001 Adobe, kampuni ya kutengeneza programu, wakaleta mpango wa XMP, ambao baadaye ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO, na huo ndio mpana kuliko yote. Unabeba maelezo marefu, lebo zilizopangwa kwa matawi, hata mraba unaozunguka uso wa mtu pamoja na jina lake. Unakubali pia herufi za lugha yoyote, za Kiarabu zikiwamo. Natamani bibi angelijua hilo. Angeniambia niandike kama alivyoandika yeye.

Kwa hiyo kabla sijaiamini programu naipa mtihani, na nakuomba nawe uufanye kabla hujaingiza hata picha mia. Chukua kopi za picha kumi. Ziingize kwenye programu. Andika jina la mtu kwenye uso, andika maelezo ya sentensi moja, weka lebo ya mahali, rekebisha tarehe. Kisha funga programu, nakili mafaili yale kumi kwenye flashi, nenda kwenye kompyuta nyingine kabisa, uyafungue kwa programu nyingine. Mimi nilikwenda nayo stationari ya jirani yangu Chumbageni, nikamwomba anipe dakika kumi kwenye mashine yake. Kama majina yapo, programu imefaulu. Kama picha zimefika uchi, bila neno lolote, basi umeona kwa picha kumi yale niliyoyaona mimi kwa mia sita na arobaini.

Nikiwa na flashi hiyo nilizungukia programu nyingi kati ya 2017 na 2019, nyingine nikazirudia baadaye. Sitazieleza zote.

Picasa nilikuta bado imo kwenye kompyuta za watu, hasa za stationari na studio ndogo. Google waliinunua 2004, wakaitoa bure, na kwa miaka mingi ndiyo iliyowafundisha watu kwamba picha zinaweza kupangwa. Machi 2016 waliacha kuihudumia. Aliyekuwa nayo anaweza kuendelea kuitumia, ila hakuna anayeitengeneza ikiharibika, na kuanza kazi ya miaka thelathini ndani ya programu ambayo mwenyewe ameshaondoka sikuona sawa.

Google Photos naitumia kwenye simu na sitaiacha. Ukiandika “bahari” inakuletea bahari, ukiandika “keki” inakuletea kila sherehe ya kuzaliwa tangu mtoto wangu alipotimiza mwaka mmoja. Ilipofunguliwa Mei 2015 ilipokea picha bila kikomo, mradi ukubali zipunguzwe hadi megapikseli 16. Tangu tarehe 1 Juni 2021 kila unachopandisha kinahesabiwa ndani ya gigabaiti 15 unazogawana na barua pepe zako, na zaidi ya hapo unalipia. Kulipa si kosa. Kwangu mimi shida iko kwenye mgongo. Maelezo unayoyaandika hapo yanakaa kwao. Ukiomba kurudishiwa picha zako zote unaletewa mafurushi, na kando ya kila picha kuna kifaili cha JSON kilichobeba yale uliyoyaandika. Maneno yako umerudishiwa, lakini kwenye karatasi ya pembeni, na kuyarudisha kwenye picha ni kazi ya mtu anayeijua kompyuta vizuri. Kuna na suala la bando. Skani zangu zilikuwa gigabaiti 90. Kuzipandisha kwa intaneti ya simu ni mshahara.

Photos ya Mac, iliyochukua nafasi ya iPhoto mwaka 2015, ni nzuri kwa aliye na Mac na atakayebaki na Mac. Maelezo na lebo zinatoka nazo ukichagua zitoke wakati wa kusafirisha. Majina ya nyuso hayatoki. Kwa mtu ambaye kazi yake yote ni majina, hapo mazungumzo yameisha.

Lightroom Classic, ya Adobe hao hao, niliipenda. Rafiki yangu anayepiga picha za harusi anaitumia kila siku, na nilipokaa naye jioni moja nikaona anavyopitia picha elfu mbili za kupeleka mahari, akichagua na kutupa kwa kibodi tu, nilielewa kwa nini analipia kila mwezi. Daftari lake ni katalogi ya faili moja, na hapo ndipo kila kitu kinakaa mwanzoni. Lakini wameweka mlango: kwenye mipangilio ya katalogi unaweza kuagiza kila badiliko liandikwe kwenye XMP papo hapo, au ukachagua picha ukabonyeza Ctrl na S. Rafiki yangu alikuwa hajawahi kuufungua mlango huo kwa miaka sita. Tuliuwasha usiku ule ule. Kwa mpiga picha wa biashara, anayesafisha mafaili ghafi ya kamera na ambaye kazi inamlipia ada, sina cha kumshauri zaidi. Kwangu, kulipa kila mwezi ili niweze kupanga picha za marehemu, pengine kwa maisha yangu yote na ya mwanangu, ilikuwa ahadi nisiyoweza kuitoa.

Zipo pia Immich na PhotoPrism, ambazo unaziweka kwenye kompyuta yako mwenyewe nyumbani, ikawa kama seva ndogo, familia nzima inaingia kwa simu. Wazo zuri sana. Lakini linataka kompyuta iwake mchana na usiku, na mtu wa kuihudumia. Umeme wetu na muda wangu havikuruhusu.

Niliyobaki nayo ni digiKam. Ni programu huria, ya bure, iliyoanza mwaka 2001 kwenye KDE, jamii ya watengenezaji wa programu za namna hiyo, na inafanya kazi kwenye Linux, Windows na Mac. Ilifaulu mtihani wa flashi, tena vizuri: jina kwenye uso, maelezo, lebo, tarehe, vyote nilivikuta kwenye mashine ya stationari. Sharti ni kuingia kwenye mipangilio ya metadata na kuhakikisha umeweka alama kila mahali panapouliza nini kiandikwe ndani ya picha. Nayo ina daftari lake, hifadhidata ya SQLite, ili utafutaji uwe wa haraka. Lakini daftari hilo naweza kulifuta leo, nikaielekeza upya kwenye folda zangu, ikasoma migongo ya picha na kulijenga tena. Nimeshafanya hivyo mara mbili kwa makusudi, mara ya kwanza nikiwa natetemeka.

Si programu nyepesi. Menyu zake ni nyingi, na siku ya kwanza nilikaa nusu saa natafuta mahali pa kuongeza folda. Ukiiwasha mara ya kwanza itataka kupakua mamia ya megabaiti ya kifaa chake cha kutambua nyuso, kwa hiyo fanya hivyo mahali penye Wi-Fi. Kwenye kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4 itakuchosha. Kupitia nyuso za picha zote niliiacha ifanye kazi usiku mzima, umeme ukakatika saa nane, nikaanza tena kesho yake. Weka hifadhidata yake kwenye diski ya ndani ya kompyuta hata kama picha ziko kwenye diski ya nje. Mimi niliiweka diski ya nje, nikawa nasubiri kila kitu.

Na tahadhari moja nisiyotaka ikupite. Kuandika ndani ya faili ni kuligusa faili. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, huenda likaharibika. Kwa hiyo skani zangu za asili ziko kwenye diski nyingine, hazijaguswa kabisa, na ninayoiandikia ni kopi. Kwa mafaili ghafi ya kamera siandiki ndani. Hayo ninayaandikia kifaili cha XMP kinachokaa kando, chenye jina lile lile.

Sasa majina. Hapa ndipo kazi ilipokuwa ngumu kuliko programu yoyote, na hapa ndipo nilipojifunza mengi.

Programu inakuonyesha uso na kisanduku kitupu: huyu ni nani? Bibi kwangu ni Bibi. Kwa shangazi ni Mama. Kwa majirani alikuwa Mama Fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na wako watu mtaani waliozikana naye bila kulijua jina lake la kuzaliwa. Nikiandika “Bibi” kwenye kisanduku kile, mwanangu akifungua baada ya miaka ishirini ataona bibi si huyo, bibi yake ni mama yangu. Maneno yetu ya ujamaa yanategemea anayesema, na picha haina anayesema. Basi nimeweka sheria: jina lake, la baba yake, la babu yake, na mwaka wa kuzaliwa ukijulikana. Majina mengine yote, la utani, la kazini, la mtaani, yanaingia kwenye maelezo chini ya picha, ili ukitafuta kwa jina lolote umpate.

Mwaka wa kuzaliwa niliuongeza baadaye, kwa lazima. Kwetu mtoto hupewa jina la babu yake, na jina hilo linazunguka. Upande wa baba kuna wanaume wanne wenye jina moja, na wawili kati yao hata jina la baba ni moja. Bila mwaka, wote wanne wanakuwa mtu mmoja aliyeishi miaka mia na kumi. Tahajia nayo: jina la Mtume peke yake nimelikuta limeandikwa namna tano kwenye vyeti vya ukoo mmoja. Nimechagua moja, na zile nyingine nimeziweka kwenye maelezo.

Mashine ya kutambua nyuso hufanya kazi humo humo ndani ya kompyuta, haipeleki uso wa mtu kokote. Unaithibitishia nyuso chache za mtu, kisha yenyewe inakupendekezea zilizobaki. Inakosea, hasa picha za zamani zilizofifia. Lakini siku moja ilinipendekezea jina la baba kwenye picha ya kijana aliyesimama mbele ya stesheni ya reli ya Tanga, suruali pana, mkono mfukoni. Picha ya 1958, wakati baba hajazaliwa. Alikuwa babu. Nilikuwa nimeitazama picha ile kwa miaka bila kuona kwamba wale wawili ni sura moja. Nilisogeza kiti nyuma nikanyamaza kwa muda.

Wasiojulikana siwaachi bila kitu. Kila mmoja anapewa namba: Hajulikani 001, Hajulikani 002, hadi sasa niko 131. Uso ule ule ukitokea kwenye picha nyingine unaingia chini ya namba ile ile. Mtu mmoja akimtambua mara moja tu, nabadilisha namba kuwa jina, na picha zake zote zinabadilika pamoja. Hajulikani 017 alikuwa kwenye picha kumi na moja. Alitambuliwa na mjomba mmoja aliyeko Muscat, kwa ujumbe wa sauti wa sekunde tisa.

Tarehe nitazipitia haraka. Skana inaandika tarehe ya kuskani, kwa hiyo harusi zote za ukoo wangu zilikuwa zimefungwa 2012. Exif inataka tarehe kamili, haiukubali mwaka peke yake. Ninapojua mwaka tu naandika tarehe mosi Januari ya mwaka huo, kisha naongeza lebo “tarehe ya kukisia” na sababu yake: kingo za picha za meno meno, mimba ya shangazi, nyumba kabla ya kuezekwa bati. Sababu ni muhimu kuliko tarehe, maana mwingine akija na ushahidi bora ataona nilikosea wapi. Majina ya folda yanaanza na mwaka, mwezi, siku, kwa mpangilio huo, 1971-08-14, ili kompyuta yoyote iyapange yenyewe.

Picha za WhatsApp ndizo nyingi kuliko zote siku hizi na ndizo maskini kuliko zote. Ikipita humo picha inapunguzwa na mgongo wake unafutwa. Kinachobaki ni jina la faili kwenye simu ya Android, kama IMG-20190614-WA0012, na hiyo ni siku picha ilipokufikia, huenda si siku iliyopigwa. digiKam ina kifaa cha kusoma tarehe kutoka kwenye jina la faili na kuiandika mahali pake, nami nakitumia, lakini naweka lebo “imetoka WhatsApp” ili nisiiamini kupita kiasi. Na ndugu zangu nimewazoesha: picha ya muhimu nitumieni kama hati, si kama picha. Ikitumwa kama hati inafika nzima, na mgongo wake. Imechukua mwaka mzima kuwazoesha na binamu zangu wawili bado.

Kopi za picha moja zilikuwa balaa. Nilikuwa na mafaili 31,400, na kifaa cha kutafuta zinazofanana kilipomaliza nikabaki na 18,900. Harusi moja tu ilikuwa imerudiwa mara saba, kila binamu ameituma upya kwenye kundi la ukoo.

Kisha kuna picha ambazo hazitakiwi kuonekana, na hili sijalisoma kwenye maelezo ya programu yoyote. Harusi zetu zina sehemu ya wanawake peke yao, singo, ngoma ya ndani, kupamba bibi harusi. Kina mama wako vichwa wazi, wamestarehe, wanacheza, wakijua hakuna mwanamume atakayewaona. Picha hizo zipo tangu enzi za bibi, zilikaa kwenye bahasha yake chini ya kanga. Shangazi alipojua naziingiza zote kwenye kompyuta aliniuliza kwa upole sana, “Mwanangu, na zile za ndani zitakuwa wapi?” Nilitaka kujibu haraka nikajizuia, kwa sababu jibu la kweli wakati huo lilikuwa: zitakuwa pamoja na nyingine, na yeyote atakayeikalia kompyuta yangu ataziona.

Kuificha folda ndani ya programu si kuifunga. digiKam inaruhusu mkusanyo ukae kwenye diski ya kuchomoa, ukiichomoa albamu zake hazionekani, lakini vijipicha vidogo vinabaki kwenye hifadhidata ya kompyuta. Kwa hiyo zile za ndani nimezitenga kabisa: flashi yake, iliyofungwa kwa VeraCrypt, programu ya kufunga mafaili kwa nenosiri, na hifadhidata yake humo humo. Nenosiri analo shangazi, liko kwenye daftari lake kwa mwandiko wake, na mimi mwanamume silijui. Binamu yangu wa kike ndiye anayekwenda kukaa naye na kuandika majina. Kazi hiyo inakwenda polepole, na iende hivyo hivyo. Wale waliokubali kupigwa picha zile waliaminiana, na wengi wao hawapo tena kuulizwa kama wanakubali zaidi ya hapo.

Nakala zangu ni tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje hapa nyumbani, na kwenye diski nyingine kwa dada yangu Arusha, ninayoibadilisha kila Idi tunapokutana. Tanga na Arusha hazivujiwi na paa moja.

Zile picha hamsini na saba zilizopona nimeziskani upya, mbele na nyuma, mafaili mawili kila moja, yanafuatana kwa jina. Mwalimu wa chuo jirani alinisaidia kusoma mwandiko wa bibi. Aliniambia ana mkono mzuri, ila alizoea kukata neno katikati na kuendelea chini, kama mtu anayebana nafasi. Nimeandika maneno yake yote kwenye maelezo ya picha, kwa herufi alizoandika yeye na kwa herufi tunazosoma sisi.

Zilizobaki natafuta majina yake kwa shangazi. Ana miaka themanini na moja, na ndiye wa mwisho wa rika lake nyumbani kwetu. Nakwenda kila Jumamosi baada ya alasiri, na kompyuta mpakato, tunakaa barazani. Namwamkia, ananipa kahawa chungu na kashata, kisha anasema haya lete. Hatuendi zaidi ya picha ishirini, macho yake yanachoka na pengine si macho tu.

Jumamosi iliyopita nilimwonyesha Hajulikani 064. Mwanamke mrefu kidogo kando ya mlango, kanga ameifunga kifuani, anamtazama mtu aliye nje ya picha. Nilimkuzia uso hadi ukaanza kuvunjika. Shangazi aliinama, akarudi nyuma, akaniambia nipunguze, nimwonyeshe wote na mlango. Akakitazama kipini cha puani. Kisha akataja jina, la baba, na akanyamaza akilitafuta la babu, akalipata. Alikuwa somo yake, aliyemfunda. Alihamia Pemba kwa mume, akazaa watoto wawili.

Nikaandika. Nikabofya kuhifadhi, nikasubiri ile alama ndogo ya kuandika ndani ya faili imalize.

“Na nyuma umeandika?” akauliza.

“Nimeandika, shangazi.”

“Haya, lete nyingine.”